Camille Pissarro na kazi ya kusimama nje

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha niliwatoa kidato cha pili nje ya darasa. Somo lilikuwa Jiografia na nilitaka wachore kilima kilicho nyuma ya shule: mteremko, mashamba, njia ya ng'ombe, kila kitu. Ubaoni nilishawachorea kilima mara mbili, na mara zote mbili kila mmoja alinakili kilima changu. Kile cha kwao, wanachokipita kila asubuhi, hakuna aliyekiangalia. Nikasema basi, leo tunatoka.

Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Halafu upepo ukaja, karatasi zikaruka mpaka kwenye mahindi ya jirani, nusu ya darasa wakazikimbilia na nusu wakabaki kucheka. Jua likawa linaingia na kutoka mawinguni. Mwishoni mvua. Na siku hiyohiyo ndiyo alifika mhadhiri wa kunikagua, akakuta mwalimu amelowa, wanafunzi wamelowa, na ubao hauna hata neno moja. Alama alizonipa sizitaji hapa, wenzangu wa chumba wanazijua na inatosha. Kwa kifupi aliona sina udhibiti wa darasa.

Nilirudi chuoni nikiwa nimeamua kwamba ualimu basi. Digrii nitamaliza, kwa sababu nyumbani wameshajinyima vya kutosha, lakini baada ya hapo nitatafuta mambo mengine. Nikiwa katika hali hiyo, siku moja maktaba nikijifanya nasoma kwa ajili ya semina, nilifungua kitabu cha picha za kuchora, nikamkuta mzee mwenye ndevu ndefu nyeupe amesimama nje mbele ya stendi ya kuchorea, na stendi yenyewe ina magurudumu. Nikajiuliza huyu mzee kafunga magurudumu ya nini. Nilianza kumsoma kwa sababu ya hayo magurudumu, sikuacha mpaka maktaba ilipofungwa.

Jina lake ni Camille Pissarro. Wengi tumesikia la Monet na la Van Gogh, lake si sana. Watu humuita Mfaransa, ila hakuwahi kuwa raia wa Ufaransa. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1830 mjini Charlotte Amalie, kisiwani St. Thomas katika Karibi, wakati huo koloni la Denmark (leo kiko chini ya Marekani). Uraia wa Denmark alibaki nao mpaka kifo. Baba yake, Frederick, alikuwa Myahudi wa ukoo uliotoka Ureno. Alikuja kisiwani kushughulikia mali za marehemu mjomba wake, mwishowe akamuoa mjane wa mjomba huyo, Rachel. Wazee wa sinagogi la kisiwani walikataa kuitambua ndoa hiyo kwa miaka kadhaa. Watoto wakalipia ugomvi wa wakubwa: Camille na ndugu zake wakapelekwa shule waliyosoma watoto weusi wa kisiwa kile, kisiwa ambacho utumwa haukufutwa mpaka 1848.

Akiwa na miaka 12 alipelekwa shule ya bweni karibu na Paris. Husimuliwa kwamba mkuu wa shule ile aliona kipaji chake, na siku ya kumuaga alimsisitizia akifika kwao achore minazi, yaani achore kilichopo mbele ya macho yake. Mimi kama mwanafunzi wa elimu nilisimama hapo kidogo. Mwalimu yule angeweza kumpa kazi ya kunakili picha za mabwana wakubwa wa zamani, ndivyo sanaa ilivyofundishwa. Akampa minazi.

Kijana alirudi 1847, baba yake akamweka kwenye biashara ya familia. Kazi yake ilikuwa ya karani: kusimama bandarini na kuhesabu mizigo inayoshuka melini. Mkono mmoja ukaandika mizigo, mwingine ukachora mabaharia na wachukuzi. Miaka mitano ya hivyo ikamchosha. Mwaka 1852 aliondoka na mchoraji Mdenmark aitwaye Fritz Melbye, wakaenda Venezuela, wakaishi huko kama miaka miwili wakichora milima, masoko na watu. Baada ya hapo baba yake akanyoosha mikono, na 1855 Camille akafika Paris akiwa na miaka 25.

Hapa lazima nieleze kidogo kazi yenyewe ilivyokuwa, maana bila hivyo hutaona ugumu uko wapi. Kwa karne nyingi picha ya mandhari ilitengenezwa ndani. Mchoraji alitoka, akachora vimchoro vya haraka, akarudi studio kuipika picha kubwa kwa utulivu, na dirisha limefungwa. Rangi za mafuta zilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka na kukauka. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alibuni tyubu ya bati yenye kifuniko, kama ile ya dawa ya meno, na kuanzia hapo mtu aliweza kuweka rangi zote kwenye sanduku na kuondoka nazo. Kwa hiyo kutoka nje kukawa rahisi. Kukaa nje ndiyo kazi.

Fikiria umesimamisha stendi yako pembeni ya shamba. Kivuli cha mti kiko kushoto. Kabla hujamaliza kuchanganya rangi ya kivuli, kivuli chenyewe kimesogea. Wingu likipita, kijani chote ulichokiona kinakuwa kijani kingine. Rangi ya mafuta haikauki leo wala kesho, kwa hiyo vumbi na wadudu vinanasa humo, halafu picha hiyo mbichi unatakiwa uibebe mpaka nyumbani bila kuigusa. Upepo ukipiga, kitambaa kinajaa kama tanga. Na wapita njia nao wanasimama kuangalia, wanataka kujua kwa nini mtu mzima hana kazi. Pissarro alifanya hivi majira yote, hadi kipindi cha theluji na barafu ambapo vidole vinakufa ganzi. Tena kwake theluji ilikuwa na neema yake, maana humo aliona buluu na waridi ambapo wengine waliona weupe tu.

Mwalimu wake mmoja Paris alikuwa mzee Camille Corot, aliyemhimiza kwenda mashambani. Kwenye orodha za maonyesho ya 1864 na 1865 Pissarro alijiandika kuwa mwanafunzi wa Corot. Ila walitofautiana jambo moja. Corot alianzia nje akamalizia ndani. Pissarro alitaka kumalizia palepale alipoanzia, na matope yakiwepo yaingie kwenye picha kama matope.

Matope hayo yalimgharimu. Njia ya mchoraji kujulikana ilikuwa maonyesho ya serikali yaitwayo Salon. Jopo likikukataa, wanunuzi hawakujui. Yeye mara alikubaliwa, kama 1859, mara alikataliwa, na hata alipokubaliwa picha hazikuleta hela ya maana. Kulikuwa na kipindi alipaka rangi mapazia ya madirisha ili watu wale.

Nasema watu kwa sababu hakuwa peke yake. Mwaka 1860 alianza uhusiano na Julie Vellay, binti wa wakulima aliyekuwa mfanyakazi wa ndani kwa mama yake. Mama hakumtaka mkwe wa aina hiyo. Walizaa watoto wanane kwa jumla, na ndoa yenyewe ilifungwa 1871, Croydon, Uingereza. Wakati Camille anatafuta mwanga mashambani, Julie alikuwa analima bustani na kufuga ili sufuria isikae tupu. Nimesoma maisha ya wasanii kadhaa na kila mara mtu kama Julie anapewa mstari mmoja. Mimi namtaja mapema kwa sababu ustahimilivu wa Pissarro tunaousifu, nusu yake ulikuwa wa mke wake, na huyo hakuwa na picha ya kumfariji jioni.

Mwaka 1870 vita kati ya Ufaransa na Prussia vilizuka. Familia ilikuwa ikiishi Louveciennes, magharibi ya Paris. Walikimbia, wakaishia kusini mwa London, wakaacha nyumba na picha zake zote humo. Kule London Pissarro aliendelea vilevile: akatoka nje, akachora vitongoji vipya, theluji ya Norwood, na treni ikitoka stesheni ya Lordship Lane. Huko pia alikutana na mfanyabiashara wa picha Paul Durand-Ruel, aliyenunua kazi zake wakati karibu hakuna mwingine aliyezitaka.

Alipopata habari za nyumbani zilikuwa mbaya. Wanajeshi wa Prussia walikuwa wameigeuza nyumba kuwa kambi. Picha walizitandaza bustanini kwenye matope wakawa wanazikanyaga ili wasichafue viatu. Inakadiriwa kwamba kati ya picha kama 1,500 za miaka 20, zilibaki kama 40 tu. Rafiki msomaji, sisi kompyuta ikigoma na kazi ya kurasa 10 ikapotea tunalala njaa. Huyu alipoteza takriban yote aliyofanya tangu ujana, pamoja na ushahidi wa vidole vyote vilivyokufa ganzi. Alikuwa anakaribia miaka 41. Mwaka uliofuata alihamia tena Pontoise, mji mdogo juu ya mto Oise alikowahi kuishi, akafungua sanduku la rangi na kutoka nje.

Na hapo Pontoise ndipo alipokuwa mwalimu. Rasmi hakuwa na darasa wala cheti. Ila mwaka 1872 alimfuata huko rafiki yake wa miaka 10, Paul Cézanne, kijana mwenye hasira aliyekuwa anachora kwa rangi nzito za giza, na ambaye kwa watu wengi alionekana hashauriki. Pissarro hakumhubiria. Alimwazima picha yake moja ya Louveciennes akainakili, kisha wakawa wanatoka pamoja, kila mmoja na stendi yake, wakisimama mbele ya njia ileile na nyumba zilezile. Akamshawishi aachane na nyeusi na rangi za udongo. Alimuonyesha kwamba vitu havina mstari wa kalamu pembeni yake, na kwamba picha ishughulikiwe yote kwa pamoja, anga, maji, matawi na ardhi vikikua sambamba, maana mwanga hausubiri umalize kona moja. Ukiangalia picha za Cézanne za kabla na za baada ya miaka ile, ni kama mtu amefungua dirisha.

Baadaye alikuja Paul Gauguin, wakati huo mtu wa soko la hisa mwenye suti na mshahara, akawa anatumia likizo zake kuchora pembeni ya mzee. Wote wawili, Cézanne na Gauguin, hatimaye walichora tofauti kabisa na Pissarro. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama yake ya ufaulu. Hakuna aliyekwenda kuzalisha nakala za kilima chake.

Mwaka 1873 Pissarro alishiriki kuanzisha ushirika wa wachoraji waliochoka na Salon. Katiba yake aliitengeneza kwa kufuata mfano wa chama cha waoka mikate wa Pontoise (viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wasome hapo). Maonyesho yao ya kwanza yalifunguliwa Paris tarehe 15 Aprili 1874. Siku chache kabla, binti yao Jeanne, waliyemwita Minette, alifariki dunia. Baba mtu alipeleka picha tano hivyohivyo.

Moja iliitwa Jalidi Nyeupe: shamba lililolimwa asubuhi ya baridi kali, mzee na mzigo wa kuni mgongoni anapanda njia, na matuta yamekatwa na vivuli virefu vya miti ambayo haionekani, iko nje ya picha. Ukiitazama unajua kabisa mchoraji alikuwepo pale, kwa sababu hakuna mtu anayekaa studio akabuni kivuli cha mti ambao hataki kuuchora. Gazeti moja liliikejeli kwamba ni makwangua ya rangi kwenye kitambaa kichafu. Ushirika ukavunjika mwaka huohuo na madeni, kila mwanachama akidaiwa faranga 184 na nusu. Kundi lile, lililokuja kujulikana kama Waimpreshonisti, lilifanya maonyesho manane hadi 1886. Mtu pekee aliyeonyesha kazi katika yote manane ni Pissarro. Hata Monet kuna miaka hakuwepo.

Miaka ya katikati ya 1880 alifanya kitu ambacho wazee wachache hukubali: akajifunza kutoka kwa vijana. Alikuwa na zaidi ya miaka 50 alipofuata mtindo wa Georges Seurat, wa kujenga picha kwa vidoa vidogovidogo vya rangi safi. Haukumfaa. Wanunuzi walikimbia, na zaidi ya hapo vidoa vilikuwa polepole mno. Huwezi kukimbizana na wingu kwa vidoa. Baada ya miaka michache akauacha bila kuona aibu na kurudi kwenye njia yake.

Mafanikio yalipokuja yalikuja kidogokidogo. Familia ilikuwa imehamia kijiji cha Éragny mwaka 1884. Mwanzoni mwa 1892, akiwa na miaka 61, Durand-Ruel alimfanyia maonyesho makubwa, na safari hii watu walinunua. Mwaka huohuo nyumba waliyopanga ilitaka kuuzwa. Julie, mumewe akiwa London, alikwenda mwenyewe kwa Monet kuomba mkopo, akaupata, nyumba ikawa yao. Nilifurahi kusoma hivyo. Angalau mara moja aliyesimama nje akarudi na kitu ni yeye.

Ila mwili ulishaanza kudai. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 Pissarro alisumbuliwa na uvimbe wa mfereji wa machozi kwenye jicho. Ulikuwa unajaa usaha, unapasuliwa, unarudi. Upepo, vumbi na baridi viliuchochea, yaani vitu vitatu alivyoishi navyo kila siku. Daktari alimkataza nje. Stendi ya magurudumu ilimsaidia siku za hali nzuri, anaisukuma mpaka bustanini badala ya kubeba mzigo. Siku mbaya ikawa ni ndani tu.

Hapa nilitegemea hadithi iishe. Mchoraji wa nje aliyekatazwa nje, amekwisha. Yeye alikwenda kupanga chumba cha hoteli ghorofani, akavuta kiti dirishani. Mwaka 1896 alichora Rouen hivyo: madaraja, moshi, makuli bandarini, kama wale wa ujana wake. Kati ya Februari na Aprili 1897 alikaa kwenye dirisha la hoteli Paris akachora mtaa mmoja, Boulevard Montmartre, mara 14: asubuhi ya mawingu, mvua, jua, msafara wa sherehe, na mara moja usiku, taa zikimeremeta kwenye lami iliyolowa. Mtaa uleule, dirisha lilelile. Mwaka huohuo alimpoteza mwanawe Félix, kijana wa miaka 23. Aliendelea: Avenue de l'Opéra, bustani za Tuileries, Pont Neuf, na kiangazi cha 1903 bandari ya Le Havre, ambapo jumba la makumbusho la mji lilinunua picha zake mbili. Tarehe 13 Novemba mwaka huo alifariki Paris, akazikwa makaburi ya Père Lachaise. Mwaka 2014 moja ya zile 14 za Boulevard Montmartre iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 19. Julie angecheka, au angelia, sijui.

Lakini malipo yaliyonigusa mimi si hayo ya mnada. Mwaka 1906 Cézanne, mzee sasa na mwenye jina, alishiriki maonyesho ya mji wake wa Aix. Kwenye orodha akajitambulisha kuwa mwanafunzi wa Pissarro. Mwalimu alikuwa ameshakufa miaka mitatu, hakuna aliyemdai kuandika hivyo. Ni kama vile Pissarro alivyomwandika Corot zaidi ya miaka 40 nyuma. Bila cheti wala alama ya mkaguzi, ni mstari mmoja tu kwenye orodha.

Sijawa mtu mpya kwa kusoma kitabu kimoja. Ajira za ualimu bado ni zilezile tunazozijua, na mtu akiniambia mfano wa Pissarro unaonyesha kwamba uvumilivu hulipa, nitamuuliza umelipa nani na lini, na Julie alisubiri miaka mingapi. Mhadhiri wangu naye hakukosea kila kitu. Kweli sikuwa nimejipanga kwa upepo.

Ila niliporudi chumbani usiku ule nilitoa bahasha yangu ya mazoezi ya kufundisha. Ndani zilikuwemo karatasi chache zilizookolewa kwenye mahindi, zimejikunja kwa maji. Moja ni ya msichana aliyekaa kimya muhula mzima. Kilima chake hakifanani na changu cha ubaoni hata kidogo. Katikati ya mteremko ameweka doa kubwa jeusi, na siku ile nilidhani ni uchafu. Safari hii niliangalia vizuri. Ni kivuli cha wingu. Aliliona wingu likipita juu ya kilima, akalichora kabla halijaondoka, dakika chache kabla halijatunyeshea.

Awamu ya pili ya mazoezi ya kufundisha inaanza baada ya mitihani. Kwenye begi nimeshaweka vibanio vya nguo 40 vya kushikilia karatasi, na mbao nyepesi za kuandikia nimeshamuagiza fundi. Mvua ikija tutahamia barazani, tuchore kilima kutokea huko.